Dunia Iliyo Tumboni: Kutoka kwa Shing'weng'we hadi Rama

Nilipokuwa mtoto Kiloleli, mkoani Simiyu, kulikuwa na kazi moja ambayo ndugu zangu wakubwa wasingeiweza hata wangetaka: kuingia ndani ya kihenge. Mtama wa mwaka uliopita ukikaribia kwisha, paa la nyasi lilisogezwa pembeni, mtoto mwembamba kuliko wote akanyanyuliwa na kushushwa ndani na ufagio mfupi, azoe punje zilizobaki chini. Mwembamba nilikuwa mimi.

Ndani ya kihenge hakuna pembe. Ukuta unakuzunguka mpaka unarudi ulipoanzia. Mwanga unatoka juu tu, na sauti za watu wa nje unazisikia kama za watu wa kijiji kingine. Bibi alikuwa akigonga ukuta kwa nje na kuuliza kama bado nipo. Usiku, tukishakula, alitusimulia habari za Shing'weng'we, na kati ya wajukuu wote ni mimi tu niliyejiona nina ushahidi. Nilishawahi kukaa tumboni.

Kwa asiyeijua ngano hii ya Wasukuma, iko hivi. Zimwi Shing'weng'we linameza watu wote na mifugo yao. Anabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mtu mwenye akili anayeelewa upesi. Mtoto anakua, anaanza kuuliza: mbona tuko wawili tu? Baba yuko wapi? Mama anamweleza. Basi kijana anaingia porini kuwinda. Anaua panzi, anamletea mama, anauliza kama ndiye. Siye. Anaua ndege, anaua mnyama mkubwa zaidi. Siye. Mwishowe anakutana na zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo. Katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Kizee anakasirika kwelikweli na kutaka kumdhuru, hadi kijana anamtafutia dawa na kumtuliza. Ndipo watu wanamfanya mtemi wao.

Pwani nako wanamjua ndugu wa zimwi hili. Katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, yumo Sultani Majinuni na paka wake, anayeanza na kuku, akapanda kwa mbuzi, mpaka akawa nunda mla watu. Mtoto mdogo wa sultani naye anawinda mnyama baada ya mnyama na kumuuliza mama yake swali lile lile. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kwa nunda, aliyeliwa ameliwa. Kwa Shing'weng'we, tumbo lina nafasi. Watu wamo mle pamoja na ng'ombe wao, wanasubiri. Tumbo ni nchi.

Sikulifikiria jambo hilo tena hadi nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Siku moja, kwenye lundo la vitabu vya mtumba kando ya barabara, Posta, niliokota nakala iliyochakaa ya Rendezvous with Rama, riwaya ya Arthur C. Clarke ya mwaka 1973. Nilidhani ni habari ya roketi. Kumbe ni habari ya kihenge.

Rama ni silinda inayokuja kutoka nje kabisa ya mfumo wa jua. Urefu wake ni kilomita 50, na upana wake kwa ndani ni kilomita 16. Kwa nje ni kitu kikavu kinachozunguka. Wanaanga wanaingia kupitia ncha moja na kukuta kwamba ndani kuna nchi nzima: tambarare, majengo kama miji, na bahari iliyoganda iliyojipinda kuzunguka ukuta kama mkanda kiunoni. Ukisimama uwandani na kutazama juu, huoni mbingu. Unaona upande wa pili wa nchi, ukining'inia juu ya kichwa chako. Nilimaliza kitabu kile kwa siku mbili, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia historia ya dunia za namna hii. Nani alianza kuzifikiria, zinasimamaje, na kwa nini waandishi hawaachani nazo?

Mwanzoni dunia zenye uvungu zilikuwa za kukutwa, si za kujengwa. Mwaka 1692 mwanafalaki Edmond Halley, yule wa kimondo, alipendekeza kwa dhati kabisa kwamba ardhi yetu ina uwazi ndani, na kwamba ndani yake kuna maganda mengine yanayozunguka. Alikuwa akitafuta maelezo ya kwa nini dira zinabadilika mwaka hadi mwaka. Sayansi iliachana na wazo hilo, lakini waandishi wakalibeba. Jules Verne aliwashusha watu wake ardhini mwaka 1864. Edgar Rice Burroughs, yule wa Tarzan, alifuata mwaka 1914 na nchi iliyo chini ya miguu yetu, yenye jua lake dogo katikati. Dunia hizo hazina fundi. Zipo tu, kama pango.

Mabadiliko yalikuja pale watu walipoanza kusema: tuijenge wenyewe. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule aliyekuwa na matatizo ya kusikia, tayari mwaka 1903 alikuwa akiandika kuhusu vyombo vya angani vinavyozungushwa ili waliomo wapate uzito. Mwaka 1929 mwanasayansi J. D. Bernal alichora kwa maneno tufe lenye upana wa kilomita 16, ambalo watu kati ya 20,000 na 30,000 wangeishi kwa ndani. Tangu hapo dunia yenye uvungu ikawa suala la ujenzi, na kila jengo lina maswali ya fundi.

Swali la kwanza ni uzito. Kule angani hakuna ardhi kubwa ya kukuvuta chini, kwa hiyo utaelea. Jibu lake kila mtoto aliyechota maji anaweza kulijaribu. Chukua ndoo yenye maji nusu, izungushe haraka kwa mkono, juu na chini. Maji hayamwagiki hata ndoo ikipinduka kichwani kwako, kwa sababu yanataka kwenda mbele moja kwa moja na kitako cha ndoo kinayazuia. Sasa jifikirie wewe ndiye maji. Silinda ikizunguka, ukuta wake unakusukuma miguuni bila kukoma, na mwili wako unauita msukumo huo uzito.

Kwa hiyo ukubwa na kasi vinaendana. Silinda nyembamba lazima izunguke haraka, na watu watapata kizunguzungu. Ikiwa pana, mzunguko wa polepole unatosha. Rama huzunguka mara moja kila dakika nne, na ukifanya hesabu unapata kwamba mtu aliye kwenye tambarare yake ana uzito unaozidi kidogo nusu ya ule wa hapa duniani. Clarke aliijua hesabu hiyo na akaitumia kama msimulizi. Wanaanga wake wanaingia katikati ya ncha, mahali ambapo hakuna uzito, kisha wanashuka ngazi ndefu mno, na kila hatua wanakuwa wazito zaidi. Sijui njia bora ya kumfanya msomaji ahisi umbo la mahali kwa miguu yake.

Swali la pili ni mwanga, na la tatu ni mwelekeo. Hapa anaingia Gerard O'Neill, profesa wa fizikia wa Princeton. Mwaka 1969 aliwauliza wanafunzi wake kama uso wa sayari kweli ndio mahali sahihi kwa ustaarabu wa viwanda unaozidi kupanuka. Walipiga hesabu, jibu likaonekana kuwa hapana. Makala yake ilikataliwa kwa miaka kadhaa hadi jarida la Physics Today lilipoichapisha Septemba 1974. Silinda yake kubwa imegawanywa kwa urefu katika vipande sita: mabonde matatu ya kuishi na madirisha matatu, yakipishana. Nje ya kila dirisha kuna kioo kirefu kinachoingiza jua ndani. Vioo vikifunguka ni asubuhi, vikijifunga ni usiku. Na silinda ziko mbili mbili, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake, maana kitu kinachozunguka peke yake hukataa kugeuzwa, na vioo lazima vitazame jua mwaka mzima.

Mwaka uliofuata kikundi cha wataalamu kilichokutana California chini ya NASA kilichora umbo la tatu, la gurudumu. Lina upana wa kilomita 1.8, linazunguka mara moja kwa dakika, na lina nafasi ya watu 10,000. Kama umeiona filamu ya Interstellar ya mwaka 2014, unakumbuka mpira unaopigwa juu na kuvunja dirisha la nyumba iliyo juu. Ile ni silinda ya ukoo wa O'Neill.

Mpaka hapo ni kazi ya mafundi, na wamejibu vizuri. Lakini hadithi zenye nguvu zaidi za aina hii zilikuwa zimeshaandikwa kabla ya michoro ya O'Neill, na hazikuhangaika sana na ndoo ya maji. Zilihangaika na kusahau.

Mei 1941 Robert Heinlein alichapisha hadithi iitwayo "Universe". Watu wanaishi ndani ya chombo kikubwa mno kilichotumwa kwenda kwenye nyota nyingine, safari ya vizazi vingi. Yalitokea maasi, waliojua kukiendesha wakafa, na wajukuu wa wajukuu hawajui tena kwamba wako safarini. Kwao Chombo ndicho ulimwengu wote. Vitabu vya fizikia bado wanavyo, lakini wanavisoma kama mafumbo ya dini: kanuni ya mvutano, inayosema kwamba vitu huvutana zaidi vikikaribiana, wanaielewa kama fundisho kuhusu mapenzi. Kijana Hugh Hoyland anapelekwa mahali pa kuona nje, anaziona nyota, anarudi kuwaambia wenzake. Wanamfunga na kumhukumu kufa.

Mwaka 1958 Mwingereza Brian Aldiss aliandika Non-Stop. Humo kuna kabila linaloishi katika vichochoro vilivyoota mimea mpaka vikafanana na msitu. Msomaji anagundua taratibu pamoja nao kwamba msitu umo ndani ya chombo. Marekani kilipochapishwa walikibadilisha jina wakakiita Starship, yaani siri ikafichuliwa kwenye jalada kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Niliposoma hadithi hizi mbili nilicheka kidogo, nikajisemea: wazungu bwana. Watu wanawezaje kusahau kwamba mahali wanapoishi palijengwa? Halafu likizo moja nikarudi nyumbani.

Nilimkuta bibi amekaa nje, nami nikamwambia kwamba huko mjini nimekumbuka jinsi kijiji chetu kilivyonyooka, nyumba kwenye mistari, tofauti na sehemu nyingine nilizotembelea. Nilisema kama mtu anayesifia mlima. Akanitazama. "Mjukuu wangu," akasema, "mistari hiyo tulipangiwa."

Ndugu msomaji, nina shahada ya chuo kikuu na nilishasoma Azimio la Arusha. Nilijua kwamba Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba ilipofika mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shamba alitakiwa awe ndani ya kijiji. Nilijua kwamba Operesheni ilipita huku kwetu mwaka 1974, enzi ambazo Simiyu haikuwapo. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza. Nilijua kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba ilinihusu. Bibi alizaliwa katika kaya iliyosimama peke yake, ukuta wake ni minyaa, mashamba na malisho yakiizunguka, jirani akiwa mbali kiasi cha kuita kwa sauti. Walibomoa wenyewe, wakabeba miti ya paa, wakaambiwa mahali pa kusimamisha nyumba. Mama yangu alihamishwa akiwa mgongoni. Mimi nilizaliwa ndani, na nikadhani mistari ni ya asili.

Vizazi vitatu tu. Heinlein hakutia chumvi.

Na tazama tarehe. Mwaka ule ule wa 1974 ambao profesa wa Princeton alichapisha michoro ya mabonde matatu yaliyopimwa vizuri kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa, watu wa Usukumani walikuwa wakipangwa kwa kamba katika mabonde yao wenyewe. Silinganishi nia. O'Neill alitaka watu waende kwa hiari, na Mwalimu alitaka shule, zahanati na maji viwafikie watu ambao huwezi kuwafikia wakiwa wametawanyika. Shule niliyosomea iko katikati ya mistari ile, na bila hiyo nisingesoma Clarke wala ninyi msingenisoma mimi. Ninacholinganisha ni macho ya mchoraji. Mchoro wa dunia mpya huonyesha kila alichokijua mchoraji. Asichokijua hakionekani hata kama pengo.

Huku kwetu kitu hicho kilikuwa ngitili. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga kipande cha malisho karibu na kaya, kikafungwa wakati wa mvua ili majani na miti ikue, kikafunguliwa kiangazi ng'ombe wasife. Watu walipohamishwa mbali na ardhi waliyokuwa wakiilinda, ngitili nyingi zilikosa mwenyewe. Miaka michache baadaye Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulijaribu kwanza kuotesha miti kwenye vitalu, kisha ukageukia kuwauliza wazee. Jibu la wazee lilikuwa ngitili. Zilirudi, na miti ikarudi nazo.

Wamarekani nao walilipia somo hilo hilo. Kuanzia 1991 hadi 1993 watu 8 walijifungia Arizona ndani ya jengo la vioo liitwalo Biosphere 2, dunia ndogo yenye msitu wake, bahari yake na mashamba yake. Oksijeni ikaanza kupungua, ikashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, mpaka ikabidi iongezwe kutoka nje. Vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi vilikuwa vikiila, na zege la kuta likanyonya hewa ya ukaa ambayo mimea ingeitumia kuirudisha. Hakuna aliyekuwa amelipa zege nafasi katika hesabu za uhai.

Kwa hiyo swali la nne la dunia iliyojengwa, ambalo fundi halijibu, ni hili: ni nani anabaki akikumbuka kwamba ilijengwa, na je, akisema atasikilizwa?

Kwa swali hilo sisi wasomaji wa Kiswahili tuna kitabu ambacho wengi tulilazimishwa kukisoma shuleni na kukiweka pembeni. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, inahusu nchi iliyo angani. Imezoeleka kusomwa kama fumbo la ukoloni, na ni kweli. Lakini isome baada ya Heinlein uone. Kusadikika ni dunia iliyojifunga. Wajumbe sita wanatumwa nje: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na habari za namna nyingine ya kuishi, na kila mmoja anatupwa gerezani. Ni Hugh Hoyland mara sita.

Ila Shaaban anafanya jambo ambalo Heinlein hakulifanya. Hugh anaokolewa kwa nguvu. Karama, mshtakiwa wa Kusadikika, anasimama mahakamani na kusimulia, siku baada ya siku, habari za wajumbe mmoja mmoja, mpaka mfalme anaelewa na wafungwa wanaachiwa. Hakuna ukuta uliopasuliwa. Kilichobadilika ni kwamba kumbukumbu ya nje imepata kiti ndani.

Ndiyo maana siku hizi nikirudi kwa Shing'weng'we simwangalii sana Masala Kulangwa. Namwangalia yule bibi kizee. Nilipokuwa mtoto tulimcheka: umeokolewa, unalalamikia sikio! Sasa naona kwamba ngano ingeweza kuishia kwenye shangwe, na haikukubali. Inamsimamisha kijana shujaa mbele ya mtu mmoja aliyeumizwa na ukombozi wake, na haimpi utemi mpaka amshughulikie. Mafundi wa dunia mpya, wa angani na wa hapa chini, mara nyingi huruka kipengele hicho.

Bibi hakusema kwamba Operesheni ilikuwa mbaya. Alisema maji yalikuwa karibu zaidi. Kisha akaninyooshea mkono kuelekea ng'ambo ya mashamba ya pamba, akanionyesha kundi la minyaa mirefu isiyo na nyumba katikati yake. Nilikuwa nimechunga mbuzi pale utotoni mwangu wote, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyeipanda kwa duara.